Oda zimekubana na bado unataka kubuni: mwongozo kwa fundi nguo

Mafundi wenzangu, hii naiandika kwa ajili ya yule aliyeingia kwenye ushonaji kwa sababu alikuwa na mishono kichwani, akafungua ofisi yake, wateja wakaja, na sasa miaka imepita anashona asubuhi mpaka usiku lakini hakuna nguo inayotoka pale ambayo anaweza kusema hii nimeiwaza mimi. Kila mteja anaingia na simu mkononi, skrinshoti ya Instagram, "nataka hivihivi", na wewe unashona hivihivi, hela inaingia, kodi ya fremu inalipwa, ila ule uwezo wa kuwaza mshono unapoa taratibu na mwenyewe hushtuki mpaka siku anatokea mteja anakwambia "dada fundi nakuachia mwenyewe, nishonee unachoona kitanipendeza" afu unabaki unakikodolea macho kitambaa, huna la kufanya.

Wengi wakifika hapo wanasema kipaji kimeisha. Mimi sikubali. Nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu na nimeona mafundi waliozidi kunoga kadiri wanavyozeeka, na wengine wakali sana waliobaki kushona gauni lilelile miaka yote, na tofauti yao niliyoiona ni moja tu: wale wa kwanza wana sehemu ndogo ya wiki, sehemu ndogo ya kitambaa na sehemu ndogo ya hela ambayo hakuna mteja anayeigusa. Yote nitakayosema hapa chini ni namna ya kuipata hiyo sehemu na kuilinda, na cha kufanya ndani yake ukishaipata.

Hatua ya 1: Tenga saa ambazo hazina mteja

Usiseme "nikipata nafasi nitajaribu kale kamshono". Hupati. Kwenye ushonaji nafasi haiji yenyewe, oda ikiisha inaingia nyingine, na siku ambayo oda hazipo una wasiwasi wa hela kwa hiyo kichwa hakitulii kabisa. Kwa hiyo angalia wiki yako inavyokwenda halafu chagua saa zilizopoa. Kwa ofisi nyingi za mtaani Ijumaa na Jumamosi watu wanachukua nguo za shughuli na za kanisani, Jumatatu wanarudi wa kupunguza na kuongeza, Jumatano na Alhamisi unakimbizana na oda za wikiendi. Jumanne asubuhi ndo mara nyingi pametulia. Chukua masaa mawili matatu ya asubuhi hiyo, kabla hujawasha simu, fanya kazi ambayo haina jina la mteja. Wewe unaweza kuwa na siku nyingine, sawa tu, muhimu iwe ileile kila wiki, maana ikiwa inahamahama itamezwa.

Na tafadhali usiiweke usiku baada ya kazi. Usiku macho yamechoka, umeme nao hautabiriki, na mtu akichoka anarudia anachokijua. Mkono uliochoka unafanya mazoea.

Kuna watu watasema mimi siyo msanii bwana, nina kazi ya kulisha familia. Shaaban Robert alikuwa karani. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni tangu 1926, akaanzia forodhani, baadaye akapelekwa idara nyingine, miaka mingi sana ya kukaa ofisini na makaratasi ya watu, na kazi zake nyingi tunazozisoma mpaka leo aliziandika ndani ya miaka hiyohiyo ya ajira. Hakusubiri aache kazi ndo aanze. Alikufa 1962, angesubiri kustaafu tusingekuwa na kitu.

Hatua ya 2: Tengeneza mwanasesere wa nusu kipimo

Hii hatua ndo naipenda kuliko zote na ndo nitakaa nayo zaidi, kwa sababu inatatua tatizo kubwa la majaribio, yaani gharama. Fundi anaogopa kujaribu kwa kuwa kitambaa ni hela, kitenge cha yadi 6 ukikikata vibaya umepoteza, na kama ni cha mteja umepoteza na mteja pia.

Kule Paris alikuwepo mama mmoja fundi, Madeleine Vionnet, alifungua nyumba yake ya mavazi 1912, na ndo aliyejulikana sana kwa kukata kitambaa mshazari, ule mkato wa digrii 45 unaofanya nguo imwagike mwilini bila kubana. Huyo mama hakuwa anaanza na mchoro kwenye karatasi. Alikuwa na mwanasesere mdogo wa mbao, anaviringisha kitambaa juu yake, anabana na pini, anageuza, anafungua, anajaribu tena mpaka apate, halafu ndo anahamishia kwenye kipimo cha mtu mzima. Hakuna kitu hapo ambacho fundi wa Tandika au Mwanza hawezi kufanya.

Wa mbao huhitaji. Fanya hivi. Chukua vipimo vya mteja wako wa kawaida, tuseme kifua inchi 36, kiuno 28, hipsi 40, gawa kwa mbili zote: 18, 14, 20. Urefu wa mgongo nao nusu, mabega nusu. Kata pateni ya kiwiliwili kinachobana, shona kwa merikani nzito, jaza ndani vipande vidogovidogo vya vitambaa ambavyo huwa unavitupa, shindilia mpaka awe mgumu kabisa ili pini ishike, chini mchomeke kijiti kilichopigiliwa kwenye ubao ili asimame. Chora kwa kalamu ya wino mstari wa katikati mbele na nyuma, mstari wa kifua, kiuno na hipsi. Hiyo mistari usiiruke, bila hiyo hutajua umepinda wapi.

Sasa hesabu yake ni tamu. Ukipunguza urefu nusu na upana nusu, kitambaa kinachotumika ni robo. Gauni ambalo kwa mtu linakula yadi 4, kwa mwanasesere linakula kama yadi moja, na gauni dogo la yadi 2 linaingia kwenye nusu yadi tu. Mabaki ya oda za wiki moja yanatosha majaribio mengi. Na ukipata kitu kizuri unapima vipande vyako, unavikuza mara mbili kwenye karatasi ya kaki au magazeti uliyounganisha, tayari una pateni ya mtu mzima.

Angalizo moja: kitambaa kizito kwenye mwanasesere kinadanganya. Kitenge kigumu kwenye kimwili kidogo kinasimama wima kuliko kitakavyosimama kwa mtu, kwa hiyo ukijaribu mikono ya puto au marinda, tumia kitambaa chepesi kidogo kuliko utakachoshonea. Na kama unajaribu mkato wa mshazari, ukishafika kwenye nguo ya kweli itundike usiku mzima kabla ya kukunja pindo, kwa sababu mshazari unashuka, na unashuka sehemu kuliko sehemu, ukikunja mapema kesho yake pindo limekuwa mawimbi.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja tu

Mtu akiamua "sasa nabuni" anataka kubadilisha vyote kwa mpigo, shingo mpya, mkono mpya, kiuno kipya, kitambaa ambacho hajawahi kushika, matokeo yake nguo haieleweki na haujui kosa liko wapi. Chukua mshono unaoushona ukiwa umefumba macho, ule wa kila siku, afu ubadilishe kitu kimoja. Wiki hii zipu tu, itoke mgongoni ihamie ubavuni au iwe mbele ionekane. Wiki ijayo gauni lilelile, hamisha ile mikunjo midogo ya kifuani inayofanya nguo ishike mwili, itoke ubavuni iende begani, au iende kwenye shingo igeuke kuwa vikunjo vya pambo. Nguo inakaa vilevile mwilini, sura inabadilika kabisa. Ukifanya hivyo miezi michache unakuwa na rundo la majibu ambayo unayajua kwa mkono, na siku unapotaka kuchanganya mawili matatu unachanganya vitu ambavyo kila kimoja umeshakijaribu.

Unaweza pia kujifunga kwa makusudi. Jipe sharti. Kwa mfano chukua doti ya khanga na ujiambie hutakata pindo hata moja. Khanga siyo kama kitenge, kitenge maua yanajirudia unaweza kukata popote, khanga ina mipaka, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake pale chini, na kila khanga moja kwenye doti ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Ukikataa kukata pindo inabidi uwaze: pindo liende kwenye ncha ya sketi, au lipite kifuani, au livuke mgongoni kama mkanda? Jina likae wapi lisomeke bila kumkalia mtu makalioni? Na lile jina lenyewe linasemaje, maana kuna maneno ya khanga mama mkwe akiyaona kwenye gauni lako la sendofu patakuwa na maneno mengine. Sharti dogo kama hilo linazaa mishono ambayo ungekaa kuangalia simu mwaka mzima usingeipata.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 na hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, alichokuwa nacho ni vipande vya masonaiti, zile mbao nyembamba za kugandamizwa, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Zile rangi zinang'aa na hazichanganyiki kirahisi, ndo kwa sehemu kubwa zikaleta ile sura ya picha zake, wanyama wenye rangi kali kwenye mandhari tupu. Alikufa 1972, miaka kama minne tu ya kuchora, na staili ikabaki na jina lake. Alitumia kilichokuwepo mpaka mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo ukiona huna kitambaa cha bei, huna cherehani ya umeme, usione hiyo ni sababu ya kusubiri.

Hatua ya 4: Fumua nguo za watu

Picha ya Instagram inakuonyesha mbele ya nguo tu. Haikuonyeshi ndani, na ufundi wote uko ndani. Nenda Karume pale Ilala, au gulio lolote la mitumba lililo karibu nawe, siku wanapofungua belo, tafuta koti au gauni lililoshonwa vizuri ila lina kasoro, limepauka, lina doa, limetoboka, hizo wanakuachia bei ya kutupa. Chagua nguo ambayo ukiivaa inakaa vizuri na huelewi kwa nini.

Rudi nalo ofisini, na kabla hujafumua lipige picha nje na ndani. Halafu fumua taratibu kwa kichokonoo, kile kifaa cha kukatia nyuzi za mshono, upande mmoja tu, kushoto au kulia, mwingine uache mzima wa kulinganishia. Andika mpangilio kadiri unavyofumua, kilichofumuka mwisho ndo kilishonwa mwanzo, kwa hiyo ukisoma orodha yako kutoka chini kwenda juu una hatua za aliyeshona. Piga pasi vipande, vilaze juu ya karatasi, chora. Utaona mkono wa koti hauna umbo ulilodhani, upande wa nyuma una nyama zaidi kuliko wa mbele kwa sababu mkono wa mtu unaenda mbele. Utaona ndani ya kola kuna kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa pasi, na kimekatwa kidogo kuliko kola yenyewe ili mshono usiwe mnene. Utaona bitana ina mkunjo wa ziada katikati ya mgongo ili mtu akinyoosha mikono isichanike. Hivyo vitu hakuna anayeviposti.

Kwangu mimi hii ina thamani kuliko kozi nyingi, nasema kwa dhati. Kubuni kunakwama mara nyingi kwa sababu mtu hajui njia ya kulifikia analoliwaza, ana sura kichwani ila hana mbinu, sasa anarudi kwenye anachokiweza. Kila nguo unayoifumua inakuongezea mbinu.

Na soma vitambaa pia, usisome mishono tu. Mjapani mmoja, Issey Miyake, alikuja na njia ya kushona nguo kwanza ikiwa kubwa mara mbili na nusu mpaka tatu ya mtu, afu ndo anaikunja marinda yote kwa joto na mgandamizo ikiwa imeshashonwa, badala ya kukunja kitambaa kwanza kama wengine. Aliingiza nguo za Pleats Please sokoni 1993. Hiyo inawezekana kwa sababu kitambaa chake ni poliesta, poliesta ikipigwa joto inashika mkunjo haiuachii hata ukifua. Pamba haifanyi hivyo. Ndo maana marinda ya kitenge cha pamba unayapiga pasi leo, kesho yakifuliwa yamelala. Kata vipande vidogo vya vitambaa vyote unavyovishika, kunja, piga pasi kwa kitambaa kibichi juu, fua, angalia kipi kimebaki. Vibandike kwenye daftari na jina la duka.

Hatua ya 5: Mteja aliyekuja na picha

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, maana hapa ndo wengi wanaona ubunifu na biashara vinagombana. Mteja akija na picha usimkatalie, na usimkandie picha yake. Muulize maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani hasa kwenye picha kimekupendeza? Mara nyingi siyo gauni zima, ni mkono, au ni rangi, au ni jinsi yule dada alivyosimama. Pili, utavaa wapi na utakaa muda gani, kwa sababu gauni la kusimama kupiga picha na gauni la kukaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini saa sita mfululizo ni nguo mbili tofauti. Tatu, kuna nguo yoyote uliyonayo nyumbani ukiivaa unajisikia vizuri, iko vipi?

Mazungumzo yanakwenda kama hivi:

"Dada fundi, nataka hivihivi kama picha, usiniongezee kitu."

"Sawa mama yangu, karibu kiti. Hebu niambie, hapa umependa nini zaidi?"

"Mikono. Yaani hii mikono imeniua."

"Mikono ni mizuri kweli. Na hili bega wazi, utakuwa na amani nalo? Maana umesema ni sendofu ya mtoto wa dada yako, utakuwa unabeba zawadi, unacheza, mikono iko juu."

"Hapo sasa... bega sikuliwaza."

"Basi mikono naiacha ileile, bega nakufunika kwa kipande hiki cha pindo, kinapita hivi. Nikuchoree?"

Umeona, mteja kapata alichokipenda, wewe umeingiza wazo lako, na ni wazo moja tu, dogo, lenye sababu anayoielewa. Mteja anakubali wazo lenye sababu. Ukimwambia "niamini mimi ni mbunifu" anaogopa, kitenge ni chake. Na hapa mwanasesere wako anakusaidia tena, mwekee kimfano juu yake pale mezani, mteja akiona kwa macho anashusha pumzi.

Akisema hapana, ni hapana. Mshonee alichotaka na ushone kwa ubora wote. Kuna mafundi wakikataliwa wazo wanashona kwa kununa, hiyo ni kumdhulumu mtu aliyekuletea riziki.

Siku hizi kuna picha za akili mnemba pia, gauni halina mshono hata mmoja, halina zipu, kitambaa kinaelea hewani. Mweleze mteja kwa heshima kwamba hiyo nguo haijawahi kushonwa na mtu, lakini usiitupe. Ichukue kama swali la zoezi la Jumanne: kama ningelazimika kuifanya hii isimame, zipu ningeificha wapi, uzito ungebebwa na nini, bitana ingekuwa ya aina gani. Inachemsha ubongo vizuri sana.

Kuhusu bei. Mshono uliouwaza wewe na mshono wa kunakili usiwe bei moja, hata tofauti iwe ndogo. Na kwenye kila oda toa kitu kidogo, kiasi utakachokiweza kila mara bila kuumia, kiweke pembeni kiitwe hela ya majaribio. Ni ya merikani, ya uzi wa rangi usiyoizoea, ya nauli ya kwenda mtaa wa Uhuru, Dar, kuangalia vitambaa bila kununua, ya lile koti la kufumua. Usiichanganye na hela ya kodi na usiikope. Kama uko na wenzako mnacheza kijumbe, yaani upatu, hiyo isiingie humo.

Hatua ya 6: Daftari

Sina mengi. Daftari la karatasi, siyo folda ya simu. Kwenye simu unajaza picha elfu na hurudii hata moja. Kwenye daftari chora mwenyewe, hata kama huchori vizuri, maana ukichora mkono lazima uamue unaanzia wapi, na hapo ndo unaelewa. Chora ulivyoviona barabarani, kola ya kanzu yenye darizi ya mzee aliyekaa mbele yako kwenye daladala, vito vya kofia, jinsi mama muuza samaki alivyofunga khanga kiunoni ikashika bila pini. Weka tarehe. Basi.

Hatua ya 7: Jua misimu yako

Ubunifu hauwezi kuwa sawa mwaka mzima na usijilaumu kwa hilo. Desemba ni Krismasi, Januari sare za shule, mwezi wa Shaaban harusi za Waislamu zinakimbizwa ziishe kabla ya mfungo, Kwaresima harusi za kanisani zinapungua. Sikukuu za Idd zinarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu wako wa Idd mwaka huu hautakuwa pale ulipokuwa miaka mitano iliyopita, na kuna mwaka unakutana na msimu mwingine unakuvuruga. Mwaka 2026 kwa mfano Ramadhani na Kwaresima zinaanza karibu siku moja, katikati ya Februari. Kaa na kalenda mwanzoni mwa mwaka, weka alama wiki za moto na wiki za baridi.

Wiki za moto usijaribu kitu kipya kwenye nguo ya mteja, shona unachokijua, na Jumanne yako ipunguze iwe nusu saa ya kuchora tu, ila isife. Kumi la kwanza la Ramadhani mara nyingi pametulia kabla watu hawajakumbuka nguo za Idd, hapo ndo pa kutengeneza mishono miwili mitatu ya kwako, ishone kamili, itundike mlangoni. Mteja wa Idd akija akaikuta imetundikwa anaweza asifungue simu kabisa. Nguo iliyotundikwa inauza wazo kuliko maneno yako yote, na anaishika kwa mkono, anaigeuza, anaona na ndani palivyo pasafi.

Kama unataka tarehe ya nje ikusukume, kuna majukwaa ya mavazi. Swahili Fashion Week ya Dar aliianzisha Mustafa Hassanali 2008 na imepitisha wabunifu wengi. Lakini hata shughuli ya mtaani, sherehe ya chuo cha ufundi au maonyesho ya kanisani, inatosha kukupa sababu ya kumaliza nguo tano zinazoongea lugha moja. Kumaliza nguo tano zenye wazo moja ni kazi tofauti kabisa na kumaliza nguo tano za watu watano, ijaribu hata mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 8: Wanafunzi wa ofisini

Ukiwa na wanafunzi usiwafanye wa kukata uzi na kupiga pasi tu mwaka mzima. Siku ya Jumanne wakae na wewe, kila mmoja na mabaki yake, mpe sharti lilelile ulilojipa wewe. Mtoto ambaye hajui sheria anafanya kitu ambacho wewe usingekithubutu, nusu yake hakishoneki, nusu nyingine kina mbegu. Mwulize "ulifikaje hapa?" na umsikilize mpaka amalize. Na akitoa wazo ukalitumia kwenye nguo ya mteja, sema mbele ya mteja kwamba hili ni la huyu kijana. Na mwongeze kitu siku ya malipo. Ofisi ambayo bosi anabeba mawazo ya wanafunzi kimyakimya, baada ya muda wanafunzi wanaacha kuyatoa, wanayaweka moyoni wanasubiri siku watakayofungua ofisi zao.

Hatua ya 9: Wakikunakili

Watakunakili, na itauma. Unaposti mshono Jumatatu, Alhamisi uko kwenye fremu tatu za jirani kwa bei ya chini. Nimeona mafundi wazuri wakiacha kubuni kwa hasira hiyo, wanasema kwa nini niumize kichwa mwingine ale. Naielewa hasira, ila kuacha kubuni ni kumwachia yule jirani hata kile alichokuwa hakipati.

Fanya haya badala yake. Shona lebo yenye jina lako ndani ya kila nguo, hata za kunakili, jina lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukiweza. Mshono mpya usiuposti siku uliomaliza, vaa mwenyewe, mpe mteja wako wa karibu avae, uza kwanza ofisini, ukiwa umeshauza kadhaa ndo uposti. Ukiposti piga picha ya mbele tu, ndani usionyeshe, pateni yako usimtumie mtu kwa WhatsApp. Atakayenakili kutoka kwenye picha atapata sura ila hatapata ule mkunjo uliouhamishia begani wala ule mshazari uliotundikwa usiku mzima, nguo yake itavuta kwapani na mteja atajua. Na wakati yeye anahangaika na mshono wako wa mwezi uliopita, hakikisha Jumanne mbili tatu zimepita na kuna kipya kimeshabanwa pini.